Vipimo vya haraka vya vijidudu kwenye maziwa: vinafanyaje kazi, na je, tuviombe?

Na Mratibu wa Miradi ya Maendeleo

Baadhi ya kamati za maendeleo za sharika zetu za milimani zimekuwa zikileta swali moja kwa maneno tofauti. Zimesikia kwamba kuna kifaa kidogo cha kushika mkononi ambacho ukikidondoshea maziwa, au maji yaliyooshea nyama, kinasema baada ya dakika chache kama ndani yake kuna vijidudu vya kuleta ugonjwa. Wajumbe wanauliza: kwa nini tusikiweke kwenye andiko la mradi? Kutoka Zirai swali limekuja na uzito zaidi, kwa kuwa huko maziwa ndiyo mradi wenyewe.

Swali ni zuri, na linastahili kujibiwa kwa makala badala ya barua. Nitaeleza vifaa hivi ni nini, vinafanya kazi kwa njia gani na vimefika wapi, kisha nitasema wazi mimi ningependa fedha ziende wapi. Mjumbe au mfadhili asiyekubaliana nami atakuwa walau na hoja za kunijibu nazo.

Safari ya maziwa kutoka Zirai

Kwa wasomaji wetu walio mbali, Zirai ni kata ya Wilaya ya Muheza, juu katika milima ya Usambara Mashariki, jirani na Amani, Misalai na Mbomole. Ni nchi ya mvua na ukungu. Watu wanalima chai, iliki, mdalasini, pilipili manga na migomba, na nyuma ya nyumba utakuta banda lenye ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili ambao hawaendi machungani bali hukatiwa majani. Utaratibu wa "kopa ng'ombe lipa ng'ombe", ambapo familia hupewa mtamba na kumrudisha ndama jike kwa jirani anayefuata, wasomaji wetu wa siku nyingi wanaufahamu.

Fedha ya maziwa ina sifa moja ambayo fedha ya iliki haina: haisubiri msimu. Ndiyo inayonunua sabuni, madaftari na mafuta ya taa, na mara nyingi inapita mikononi mwa akina mama. Kwa hiyo galoni likirudishwa kituoni nyumba nzima inajua siku hiyo hiyo.

Maziwa hukamuliwa alfajiri, yakabebwa kwa miguu au kwa bodaboda hadi yanapokusanywa, halafu yanateremka kuelekea kwenye joto la Muheza na Tanga, mjini ambako tangu miaka ya 1990 kipo kiwanda cha Tanga Fresh kinachonunua maziwa ya wafugaji wadogo. Katika safari hiyo kuna hesabu moja ya kukumbuka. Bakteria aina ya E. koli, akipata joto zuri na chakula, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Ukimwacha katika hali hiyo kwa saa 7, yule mmoja amekuwa zaidi ya milioni 2. Baridi ya asubuhi ya Zirai inampunguza kasi, na joto la bondeni linamrudishia. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi cha mwaka 2006 kiliweka daraja la kwanza kuwa maziwa yenye bakteria wasiozidi 200,000 katika mililita moja, na daraja la mwisho linalokubalika lisizidi 2,000,000. Utaona kwamba kati ya daraja la kwanza na kukataliwa kabisa kuna saa moja na dakika chache tu za kugawanyika kwa vijidudu kwenye joto. Pikipiki ikizama kwenye tope, muda huo umekwisha.

Pale kituoni mpokeaji ana vipimo viwili ambavyo kila mfugaji anavijua. Cha kwanza ni laktomita, ile inayoelea na kuonyesha uzito wa maziwa. Hiyo inamkamata aliyeongeza maji. Cha pili ni alkoholi: maziwa kidogo yanachanganywa na alkoholi kwa kiasi sawa, yakigandamana maana yake yameanza kuchacha na hayatastahimili moto kiwandani. Ni vipimo vizuri, ni vya bei nafuu, na jibu ni hapo hapo. Lakini vyote viwili vinalinda biashara ya maziwa. Maziwa yenye vijidudu vya brusela, yaliyokamuliwa dakika kumi zilizopita kwenye ndoo safi kutoka kwa ng'ombe anayeonekana mzima, yatafaulu laktomita, yatafaulu alkoholi, na yatakuwa na harufu nzuri.

Homa ambayo si malaria

Kamati nyingi zikisikia "maziwa mabaya" zinafikiria tumbo la kuendesha. Hiyo ni sehemu tu. Brusela, ambayo kwa ng'ombe tunaiita ugonjwa wa kutupa mimba, ikimwingia mtu humletea homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu wa wiki au miezi. Dalili hizo kwetu zina jina moja tu: malaria.

Watafiti waliochunguza wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi, mwaka 2007 na 2008, walionyesha jambo hili kwa namba ambazo nadhani kila mjumbe azisikie. Wagonjwa walikuwa 870. Waliopewa jina la malaria na waganga walikuwa 528, yaani zaidi ya nusu. Walipopimwa kwa kina, wale ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Wagonjwa 118 walikutwa na maambukizi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, wakiwemo 16 wa brusela na 24 wa homa ya Q, ambayo nayo ni ya mifugo. Si kila mmoja wao aliipata kwenye maziwa. Nyingine hutoka kwa panya, kupe, au kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu. Lakini utafiti ulifanyika miongoni mwa watu wanaofanana sana na sisi, wenye migomba, mlima na ng'ombe wa bandani.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2015 lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama na 420,000 hufa, 125,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa Afrika makadirio yalikuwa zaidi ya milioni 91 wanaougua na 137,000 wanaofariki. Hayo ni pamoja na maji machafu yaliyoingia kwenye chakula, minyoo na sumu za ukungu wa mahindi.

Kwa nini jibu la maabara linachelewa

Njia ya kawaida ya kutambua kijidudu ni kumwotesha. Unachukua sampuli, unaiweka kwenye supu maalumu, kisha unaipaka kwenye sahani yenye chakula kilichoganda, unaiweka kwenye joto na kusubiri. Kijidudu kimoja kisichoonekana kinazaana mpaka kinakuwa kidoa unachokiona kwa macho. Njia hii iliwekewa msingi miaka ya 1880 na Mjerumani Robert Koch, yule aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 na aliyekuja huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1906 kuchunguza malale. Ile jeli inayotumika hadi leo, agari, itokanayo na mwani, haikutoka kwa profesa. Ilipendekezwa na Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyekuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula vya tamu wakati wa joto.

Njia hiyo ni ya kuaminika na ndiyo ambayo vipimo vingine vyote hulinganishwa nayo. Tatizo lake ni siku. Salmonela huchukua siku tatu hadi tano kuthibitishwa. Brusela inaweza kuchukua wiki, na tena ni hatari kwa fundi wa maabara mwenyewe. Maziwa hayasubiri siku tano. Jibu linapofika yameshanywewa, na anayelisoma analisoma kama historia.

Afrika ya Kusini ilionja uchungu wa ucheleweshaji huu mwaka 2017 na 2018. Ugonjwa wa listeria ulienea nchini mzima, na kabla haujaisha wagonjwa waliothibitishwa walifika 1,060, na 216 walifariki, wengi wakiwa watoto wachanga. Kwa miezi mingi haikujulikana chakula gani kinaleta. Listeria anaweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla mtu hajaugua, na nani anakumbuka alikula nini siku 70 zilizopita? Mwanga ulipatikana Januari 2018 baada ya watoto wa shule ya awali huko Soweto kuugua tumbo, na soseji ya polony iliyokuwa kwenye friji yao ikapimwa. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya alitangaza kwamba chanzo kilikuwa kiwanda kimoja mjini Polokwane. Nchi hiyo ina maabara nzuri kuliko karibu zote za bara letu.

Ndani ya kifaa

Hapo ndipo wanasayansi walipotafuta njia ya kumtambua kijidudu bila kumsubiri azaane. Vifaa vyenyewe vinaitwa bayosensa. Havina uhusiano na sensa ya watu na makazi, ingawa kazi zinakaribiana: kujua nani yumo ndani na ni wangapi.

Kila bayosensa ina sehemu mbili zilizoshikana. Sehemu ya kwanza ni ya uhai, na kazi yake ni kumtambua mmoja na kuwaacha wengine. Inaweza kuwa kingamwili, yaani zile chembe ambazo damu hutengeneza kumshika adui aliyemzoea. Inaweza kuwa kipande cha vinasaba kinachooana na cha kijidudu. Au hata faji, ambavyo ni virusi visivyomdhuru mtu bali hushambulia bakteria wa aina fulani tu. Sehemu ya pili ni kihisio, kinachogeuza kule kushikwa kuwa ishara tunayoweza kuisoma: umeme kidogo umebadilika, mwanga umepinda, au kijisahani kinachotikisika kimeongezeka uzito kwa kiasi ambacho mizani ya dukani haitakaa ikione.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya mbali. Mzee mwenye kisukari anayejichoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti cha glukomita anatumia bayosensa. Wazo lake lilielezwa mwaka 1962 na Wamarekani Leland Clark na Champ Lyons, waliotumia kimeng'enya kinachoila sukari kwenye ncha ya elektrodi, na umeme uliotokea ukasema sukari ni kiasi gani. Na kile kipimo cha haraka cha malaria kilichopo kwenye zahanati zetu ni ndugu yake wa karibu. Kwenye ule ukanda mweupe kuna kingamwili zilizobeba vipunje vya dhahabu. Damu ikipanda, kingamwili zinaishika protini ya kijidudu cha malaria, zinasafiri nayo mpaka kwenye mstari, na vile vipunje vikijikusanya tunaona rangi. Kwa baadhi ya bakteria wa chakula, kama Salmonela, Listeria na ile E. koli kali inayoitwa O157, vipo vijiti vya namna hiyo hiyo vinavyouzwa kwa viwanda.

Kuna aina nyingine ambayo wenzetu wa Zirai wataipenda kwa kuwa inatumia kimeng'enya cha kimulimuli. Wadudu wale wang'aao usiku hutoa mwanga kwa kutumia nishati iliyomo ndani ya chembe hai zote. Viwandani mfanyakazi hupangusa tenki kwa pamba, huchanganya na kimeng'enya hicho, na kijimashine kikasoma mwanga ndani ya dakika moja. Mwanga mwingi, tenki ni chafu, lioshwe tena. Ni kipimo cha usafi wa chombo. Hakisemi ni kijidudu gani, na ukikitumia kwenye maziwa yenyewe kinachanganyikiwa, kwa sababu maziwa yana chembe hai za ng'ombe pia.

Kipi kinaikwamisha

Sasa tufike penye mgogoro. Ukisoma vipeperushi vya wauzaji utakuta "dakika 10" au "dakika 15" kwa herufi kubwa. Swali la kuuliza ni: dakika 15 kuanzia lini?

Vifaa vingi vya namna hii vinahitaji vijidudu kati ya 1,000 na 100,000 katika mililita moja ndipo viseme chochote. Lakini kanuni za chakula kuhusu Salmonela mara nyingi hudai asionekane hata mmoja katika gramu 25, na E. koli O157 anaweza kumwangusha mtoto kwa idadi isiyofika hata 100. Pengo hilo ni kubwa mno. Njia ya kulivuka ni kuiweka kwanza sampuli kwenye supu ya kuotesha kwa saa 8 hadi 24 ili waliomo waongezeke, halafu ndipo zije zile dakika 15. Yaani tumerudi kwa Koch, ila tumempunguzia siku. Kwa kiwanda chenye ghala la baridi, kushuka kutoka siku tano hadi saa 24 ni faida kubwa sana na ndiyo maana vinanunuliwa. Kwa ndoo ya lita 6 inayosimama kituoni saa moja asubuhi haisaidii.

Watafiti wanahangaika na pengo hilo kwa bidii. Wengine wanatumia shanga ndogo sana za sumaku zilizopakwa kingamwili: unazimwaga kwenye maziwa mengi, zinawashika vijidudu, unaweka sumaku pembeni, nao wanakusanyika mahali pamoja. Hilo linafanya kazi maabara na baadhi limeshaingia sokoni. Lakini maziwa yana mafuta na protini zinazoziba njia na kujibandika pasipotakiwa, na kifaa kilichofanya vizuri kwenye maji safi ya maabara hushuka uwezo kikikutana na maziwa ya kweli. Aidha kingamwili huharibika kwa joto. Yeyote anayesimamia friji ya chanjo ya zahanati ya milimani anajua maana ya sentensi hiyo.

Halafu kuna suala la waliokufa. Kipimo cha kingamwili au cha vinasaba kinaweza kumtambua kijidudu aliyekwisha kufa, kwa sababu mwili wake bado umo. Maziwa yaliyochemshwa vizuri yanaweza kutoa jibu la "yupo" ilhali ni salama kabisa. Fikiria mama lishe anayepimwa na kuambiwa hivyo mbele ya wateja wake.

Na hata kifaa kikiwa kamili, nani atakayetenda kulingana na jibu? Maziwa ya wafugaji arobaini yakishamiminwa kwenye tenki moja, kipimo kikisema kuna brusela kinasema kuhusu wote arobaini. Ukitaka kumjua ng'ombe inabidi upime kila galoni, na kila kijiti ni fedha, kina tarehe ya kuisha muda, na kinatoka ng'ambo. Isitoshe, jibu la kijiti cha usharika halina nguvu ya kisheria. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS, na ni maabara zinazotambulika ndizo zenye neno la mwisho.

Kila aliyefanya kazi za miradi miaka mingi ameona mashine iliyofika na kitabu cha maelezo cha lugha isiyosomeka hapa, ikawashwa siku ya uzinduzi mbele ya wageni, ikaisha dawa yake baada ya miezi mitatu, na sasa inafunikwa kitambaa kizuri cha kufuma. Naomba tusiiongezee mwenzake.

Ningependa fedha ziende wapi

Sisemi vipimo vya haraka vyote tuviache. Kuna aina moja inayofaa sana kituoni: vijiti vya kupima mabaki ya dawa za antibiotiki kwenye maziwa. Vinatoa jibu kwa dakika chache bila kuotesha chochote, kwa sababu kiasi kinachokatazwa na sheria ni kiasi ambacho kijiti kinaweza kukiona. Mfugaji aliyemtibu ng'ombe ugonjwa wa kiwele na kuleta maziwa kabla ya siku za kusubiri kwisha anaharibu tenki la wenzake wote, na kuchemsha hakuondoi dawa. Kituo chenye kikundi imara kinaweza kuomba vijiti hivyo, mradi kikundi chenyewe kioneshe kwamba kitanunua vya awamu ya pili.

Kwa wingi wa vijidudu kwa jumla, kuna kipimo cha zamani ambacho sijui kwa nini hatukitaji: resazurini. Ni rangi ya buluu inayotiwa kwenye maziwa na kuwekwa kwenye joto la nyuzi 37. Vijidudu vikiwa vingi vinaibadilisha kuwa ya waridi na mwisho kuwa nyeupe, na dakika 10 zinatosha kutenga maziwa mabaya sana. Hakihitaji umeme, bali maji ya uvuguvugu, kipimajoto na mtu aliyefundishwa kulinganisha rangi.

Kwa brusela, tuanzie kwa ng'ombe. Kipo kipimo cha pete ya maziwa, ambacho nacho kinatumia kingamwili, ila ni zile za ng'ombe mwenyewe. Unatia kwenye maziwa tone la vijidudu vya brusela vilivyouawa na kutiwa rangi. Ng'ombe akiwa ameambukizwa, kingamwili zilizomo kwenye maziwa yake zinavishika, vinapanda pamoja na malai, na baada ya saa moja kwenye joto unaona pete ya rangi juu. Kinaweza kufanyika kwa maziwa ya kikundi kizima kwanza, na pete ikionekana ndipo wanapimwa mmoja mmoja kwa damu. Kazi hii ni ya mtaalamu wa mifugo wa serikali na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Usharika kazi yake ni kuwaita, kuwapangia siku, na kuwaambia watu ukweli kuhusu maana ya jibu. Jambo hili la mwisho ndilo gumu. Ng'ombe aliyekutwa na brusela hatibiwi. Anatakiwa kuondolewa kundini, na ndiye anayesomesha watoto. Andiko la mradi linalotaja kupima bila kutaja fungu la kumsaidia mwenye ng'ombe huyo halitapata watu wa kuleta ng'ombe wao, na sitalipitisha.

Mitamba inachanjwa, kwa kawaida ikiwa na umri wa miezi 3 hadi 6, kwa chanjo iitwayo S19. Ni chanjo hai. Achomaye sindano avae glavu, kwani humwambukiza hata mtu. Na glavu hizo hizo, au hata mfuko mzito wa nailoni uliofungwa mkononi, zitumike ng'ombe anapozaa au kutupa mimba. Kondo la nyuma lifukiwe, mbwa wasilipate.

Kisha kuna moto. Maziwa yakifika nyuzi 63 na kukaa hapo dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, vijidudu vyote nilivyovitaja vinakufa. Nyumbani hakuna kipimajoto, kwa hiyo tunasema yachemke mpaka yapande. Zipo sumu chache, kama za bakteria waitwao stafilokoka, ambazo moto hauziondoi zikishatengenezwa, na ndiyo maana maziwa yakamuliwe kwa mikono safi na yasilale kwenye joto kabla ya kuchemshwa. Yale maneno kwamba maziwa yakichemshwa yanapoteza nguvu bado yanasikika, na yanasemwa na watu tunaowaheshimu. Yajibiwe kwa upole: protini, mafuta na chokaa ya mifupa vinabaki, kinachopungua ni baadhi ya vitamini.

Lakini kwa Zirai ushauri wa kuchemsha una upande wa pili ambao wageni hawauoni. Kuni zinatoka wapi? Msitu wa Hifadhi ya Amani ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1997, na misitu ya jirani ina mipaka yake. Kina mama wanaokwenda kuokota kuni wanajua mpaka ulipo kuliko anayeuchora. Ukimwambia mama achemshe kila tone bila kuzungumzia jiko, umempa mzigo mwingine kichwani. Ng'ombe wawili wa bandani wanaweza kulisha mtambo mdogo wa biogesi, na samadi inayotoka humo bado inakwenda shambani. Kama mfadhili ananiuliza kifaa gani cha kupambana na bakteria wa maziwa anunue kwa ajili ya Zirai, mimi nitaandika biogesi kwenye mstari wa kwanza, madumu ya alumini yenye mdomo mpana kwenye wa pili, na bayosensa nitaiacha kwa kiwanda chenye tenki, umeme na fundi.

Hali inaweza kubadilika. Bei za vijiti vya malaria zilishuka baada ya nchi nyingi kuvinunua kwa pamoja, na hakuna anayeweza kusema hilo haliwezi kutokea kwa maziwa. Siku muuzaji akija na kijiti cha brusela kinachosoma maziwa ya ng'ombe mmoja, kisichohitaji friji, kamati imuulize mambo manne: kinahitaji kuotesha kwanza au hapana, kimejaribiwa kwenye maziwa ya kweli au maji ya maabara, kinakaa muda gani kwenye joto la Muheza, na vijiti vya mwaka wa pili vitanunuliwa na nani.

Kwa sasa, kamati zenye vikundi vya maziwa ziandae orodha ya ng'ombe wanaokamuliwa, ng'ombe waliotupa mimba katika miaka miwili iliyopita, na mitamba iliyo chini ya miezi 6, kila mmoja na jina la mwenye ng'ombe na mtaa wake. Orodha ziletwe ofisi ya jimbo kabla ya masika, maana mvua zikianza, gari la mtaalamu wa mifugo halipandi Zirai.